Maji ya Kwa Athumani

Kwa mwanangu Bakari. Salamu zangu zikufikie hapo hapo uwanjani, maana hujaenda mbali. Nakusikia hata sasa unagombana na wenzio kama goli limeingia au halikuingia. Hali zetu sisi wa nyumbani unazijua, uji tumekunywa pamoja asubuhi. Usishangae kuandikiwa barua na mtu mnayelala naye paa moja. Tangu jana nina neno nataka kukuambia kwa mdomo, na kila likifika kooni linarudi tumboni. Nimeona nichukue kalamu wakati jua bado lipo na wewe bado unacheza, ili ukirudi uikute.

Habari za kufunga mzigo wa safari yako ya kesho na za kutolala chini penye siafu sikuandikii. Mama yako amekwambia mara tatu, nawe umeitikia mara tatu bila kusikia. Mimi nataka tuzungumze mambo ya jana barazani kwa jumbe.

Bwana Kamba, yule Mzungu anayepima nchi kwa kamba, alipoikunjua ile karatasi yake juu ya mkeka, nyinyi vijana mlisogea mpaka jumbe akawafukuza kama kuku. Karani wake wa pwani akaanza kusoma mipango. Barabara pana itatoka baharini ipande huku juu mpaka Newala. Watu watoke vichakani wajenge kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Pale ukingoni, panapoonekana bonde lote la Ruvuma, itajengwa nyumba ya wageni, na Wazungu watakuja na merikebu ya moshi, wapande kwa machela kuja kutazama nchi na kutazama ngoma yetu ya midimu ikichezwa na sura zake za mti. Na mbele ya nyumba hiyo utalimwa uwanja wa mpira, wageni wakinywa chai wawaone vijana wanavyokimbia.

Mlipiga makofi. Mimi niliguna. Mtu atoke Ulaya, atapike baharini mwezi mzima, kisha abebwe na watu wanane mlimani, kusudi aje kuwatazama nyinyi mkikimbizana na ngozi iliyojaa upepo? Kwao hakuna watu wenye miguu? Wewe uliniona naguna ukasema kwa wenzio, "Baba Shaka ameanza." Nilisikia. Sikukasirika, jina hilo umenipa tangu ukiwa mdogo na limenikaa vizuri.

Halafu karani akasoma majina ya mahali, moja moja, kutoka karatasi ya zamani waliyoinakili. Newala. Mkunya. Makote. Alipofika chini ya jabali letu akasoma, "Kwa Athumani. Maji mazuri, hayakauki." Ukacheka kwa furaha. Ukanigeukia mbele ya watu wote ukasema, "Baba, jina lako limo kwenye karatasi ya Wadachi." Vijana wenzio nao wakacheka. Jumbe hakucheka, alinitazama. Nikasema Athumani ni wengi duniani, nikasingizia tumbo, nikaondoka. Mwanangu, ni kweli Athumani ni wengi duniani, lakini hapa Makote yuko mmoja tu.

Nikueleze tangu mwanzo, maana mwanzo wake wewe hukuwepo.

Mimi ni Myao wa Masasi, mtoto wa wachuuzi. Nilipanda huku juu kutafuta mpira, ule utomvu wa porini ambao watu waliukunja madonge wakaniuzia kwa kaniki. Nikamwona mama yako, nikaoa. Na kwa desturi mume ndiye anayehamia, kwa hiyo nikaja kukaa kwa wakwe zangu. Wewe utaona nawe ukioa, Mungu akipenda. Mume huku ni mgeni. Analima, anajenga, anazalisha, lakini neno si lake. Neno lilikuwa la mjomba wako Liyumba, kaka wa mama yako. Yeye ndiye aliyekata shauri la shamba, la maji, na hata la kwako wewe, utahiriwe lini na uende jandoni na nani. Alikuwa mtu mwema, sina la kumsema. Lakini ilikuwa ikiniuma. Mimi nilikuwa na nguo nyingi kuliko wote pale kijijini, na mbele ya wazee nilikaa karibu na mlango.

Maji ndiyo yaliyokuwa na adabu kubwa kuliko yote. Wajua mwenyewe huku juu hakuna mto, wanawake huteremka jabalini na mitungi. Kila ukoo una chemchemi yake na njia yake, na njia hiyo huachwa ifunikwe na kichaka kwa makusudi. Mkwe hateremki mpaka apelekwe. Mimi nilipelekwa mwaka wa tatu wa ndoa yangu. Liyumba alitangulia akaniambia nikanyage alipokanyaga yeye, na tuliporudi akaniambia nisipeleke mtu. Nikaitikia, na siku hiyo nilikuwa nimeitikia kweli.

Mwaka mmoja kabla ya vita akaja Mzungu. Si askari, si mtu wa boma, alisema anatembea tu aione dunia. Alikuwa na wapagazi, na kisanduku cha kupigia picha, na kidaftari kidogo kisichotoka mkononi. Watu walijificha. Mimi kwa kuwa naongea Kiswahili cha pwani nikamkaribisha, mgeni njoo mwenyeji apone. Alilala kwetu siku nne. Nilikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, akakiosha kwa mikono yake mwenyewe, kikapona. Alikula ugali wangu wa muhogo, akakaa juu ya mkeka wangu, na siku ya tatu akaniuliza mwenye nchi hii ni nani. Huku akinitazama mimi. Bakari, tangu nioe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile akinitazama mimi.

Kisha akauliza maji tunateka wapi. Alikuwepo jirani yetu, Mzee Nambindo, rafiki wa mjomba wako, mtu wa kuuliza maswali matatu kabla hajakujibu moja. Akaniita pembeni akaniambia, "Shemeji, chupa ya huyu imejaa. Maji anayatakia nini?" Nikamcheka. Nikamwambia yeye anaogopa hata kivuli chake. Nikamchukua mgeni, nikateremka naye jabalini mchana kweupe, nikimwonyesha wapi ashike mzizi na wapi akanyage jiwe, kama mtu anayemtembeza mwenzie ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tulipofika chini akanywa kidogo, akafungua kidaftari, akauliza mahali hapa panaitwaje. Jina la pale unalijua, ni jina la bibi wa bibi wa mama yako. Mimi nikamwambia panaitwa Kwa Athumani.

Hivyo tu. Alinipa kioo akaenda zake.

Mimi ni mtu wa mpira. Nilikuwa sinunui donge bila kulipasua kwa kisu nione kama ndani hamna jiwe, maana watu wa huku wakitaka uzito hawaoni haya. Ndugu wa mke wangu mwenyewe niliwapasulia madonge yao. Lakini yule mgeni sikumpasua, kwa sababu alichoniuzia nilikuwa nakitaka mno.

Ikaja vita. Habari ya dawa ya maji ilipanda kutoka bara, wengine wakanywa, wengine wakakataa, na askari walipopanda huku juu kuchoma vijiji hawakuuliza nani amekunywa. Mimi nilikuwa Masasi na mizigo ya nguo, njia zimefungwa. Liyumba akawakusanya wanawake na watoto, mama yako na wewe mkiwemo, akawateremsha kwenye kichaka cha chemchemi. Mtu aliyejificha anaweza kukaa bila chakula siku kadhaa, bila maji hawezi. Ulikuwa na miaka kumi hivi, unakumbuka kuliko mimi ambaye sikuwepo. Mama yako hunisimulia neno moja tu, kwamba askari waliteremka mmoja mmoja bila kupapasa, wakishika mzizi pale pale na kukanyaga jiwe lile lile. Mjomba wako alipigwa risasi na kata ya maji mkononi. Alikuwa anakutekea wewe. Hilo nalijua kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia nilipofika, ukiwa huna sauti.

Watu wakauliza nani ameonyesha njia. Siku tano kabla, Nambindo alikuwa ameonekana bomani. Alikwenda kumwombea mpwa wake aliyefungwa, akarudi mzima. Ikatosha. Kilipokuja kipindi cha njaa alinyimwa moto. Mke wake akienda na kigae kuomba kaa anaambiwa jikoni kumezimika, na moshi unaonekana. Hakuna aliyetwanga naye. Mwisho wakahamia Mkunya, na huko habari zikawafuata. Nyinyi watoto mkipita njia ile mlirusha mabonge ya udongo ukutani kwake. Wewe ndiye uliyekuwa na shabaha kuliko wote. Nilikuwa nyuma yako siku moja na mzigo wa chumvi, nikakuona, nikajifanya nafunga kamba.

Maana kufika siku hiyo mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Mwezi mmoja baada ya maziko, nilikuwa barazani kwangu Masasi, akaja askari kununua kaniki. Mtu wa maneno mengi. Akasimulia walivyopigana huku juu, akasema, "Tuliwakuta pale Kwa Athumani, njia yote imeandikwa." Nilikuwa napima kitambaa. Nilimkatia nikazidisha shibiri nzima, naye akafurahi akaondoka. Jina lile, Bakari, duniani kote nilimtajia mtu mmoja tu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye uchungu. Niliporudi Makote kwa matanga ya arobaini nilikaa na wanaume. Nambindo akatajwa. Mmoja akanigeukia akasema, "Wewe mkwe wetu umetembea, unaonaje, ndiye?" Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kukohoa. Nilisema, "Labda."

Neno moja tu, lakini lilitosha. Mtu wa mbali, mwenye akili ya pwani, amesema labda, basi ndiye. Na kuanzia siku ile, mimi niliyecheka kuambiwa nitazame chupa ya mgeni, nikawa Baba Shaka. Nikipewa chumvi naionja. Nikisafiri simwambii mtu siku. Rafiki akinisifu namtazama mikono. Nyinyi mkadhani ni werevu wa biashara. Si werevu. Mtu akijua alichokificha yeye, kila anayemwona anamdhania ana chake. Yule aliyeshuku kwa haki alifukuzwa, na mimi nikarithi kazi yake bila kuwa na akili yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi miaka yote nimekuwa nikikung'uta nguo za wengine.

Nimekuambia haya, sasa unaweza kuniamini au kutoniamini juu ya Bwana Kamba.

Simpendi. Ila nakiri sijaona kosa lake. Ulipokwenda Masasi kukaa kwa shangazi yako ukajifunza mpira, ukarudi na gozi lile la viraka, nilifurahi moyoni ingawa nilinung'unika juu ya viatu. Alipokuja Bwana Kamba kutazama mchezo wenu nilisimama karibu naye kwa makusudi. Watu wote walikuwa wanautazama mpira. Yeye alikuwa anakutazama wewe, na si miguu yako. Alikutazama ulivyomgombeza kijana wa Kimakonde kwa Chimakonde, ukamgeukia Mmakua kwa Emakhuwa, ukanijibu mimi kwa Chiyao, kisha ukamwamkia yeye kwa Kiswahili. Kesho yake akaleta suruali na habari ya timu ya pwani. Utachezea wageni Lindi, anasema, na siku zisizo za mchezo utafuatana naye vijijini, umsaidie kuuliza majina. Nimejiuliza hiyo timu ina siku ngapi za mchezo, na hizo nyingine ni ngapi. Nawe jiulize.

Huenda ni mtu mwema. Yule wa kwanza naye alikuwa mwema, mguu wangu huu ni shahidi. Sidhani alijua daftari lake litaishia mkononi mwa nani. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko kama angekuwa mwongo, maana mwongo ningemtambua, nimeuza nguo miaka thelathini.

Sikukatazi kwenda. Ningekukataza ungetoroka, na pwani ungefika bila barua hii. Na tena mpira unaupenda, na mimi nilipokuwa na umri wako hakuna kitu nilichokipenda namna hiyo. Lakini utafika kijiji cha watu, Bwana atauliza maji yako wapi, wenyewe watakaa kimya, na wewe utakuwa umekwisha kuyaona. Utasikia utamu fulani kifuani, utamu wa kuwa wewe ndiye unayejua. Mimi naujua ule. Hauna ubaya usoni. Ukiusikia, kaa chini kwanza, uwaulize wenye maji kwa lugha yao kama wanataka yaandikwe, na uwaambie kweli karatasi inakokwenda. Wakikataa, Bwana akikasirika, utarudi nyumbani bila suruali. Mimi nitakupokea.

Niseme na la mama yako. Alisikia habari za barazani kabla sijafika nyumbani jana, lakini aliniacha nilale kwanza. Leo asubuhi ulipokwenda kuaga rafiki zako alikuwa anamenya muhogo. Akaniuliza, "Baba Bakari, Athumani aliyemo kwenye karatasi ni yupi?"

Mficha uchi hazai. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe. Hakuacha kumenya. Alimenya mpaka rundo likaisha, akakusanya maganda, akafagia. Halafu akasema, "Miaka yote hii nakutana na Nambindo njiani, sijamwamkia." Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza. "Mimi nitakuwa na langu na wewe baadaye. Kamwambie yeye." Akachukua mtungi akateremka majini. Amerudi, amekujazia kibuyu chako cha safari. Mimi hakuniwekea maji ya kuoga, na sijui kama ataniwekea tena.

Nimejiuliza pia, kwa kuwa kushuku nimezoea, na mimi mwenyewe sijioni wa kuaminika. Kama karani asingesoma lile jina, ningesema? Jibu nalijua na silipendi. Ningekuaga kwa dua nzuri na maneno ya hekima, na Nambindo angefia Mkunya akiwa amebeba kosa langu. Ndiyo maana nakuomba usinisifu ukimaliza kusoma. Nimekamatwa, sikujitoa.

Basi kesho ni hivi. Msafara wenu utapita Mkunya kabla jua halijawa kali. Nitatembea nawe mpaka hapo. Nyumba ya Nambindo iko kando ya njia, unaijua vizuri. Nitapiga hodi mimi, nawe utasimama karibu usikie, maana ukuta ule uliwahi kuurushia udongo na mimi ndiye niliyekuacha. Mwamkie kwanza. Kama ataitikia marahaba ama hataitikia, ni haki yake.

Kisha nitasema. Nitasema kwa Chimakonde, kwa sauti, majirani wasikie, maana adhabu ya kosa hili kwake haikuwa ya siri hata siku moja. Akinitemea mate, usisogee. Akinipiga, usimshike mkono. Ni mzee, hawezi kupiga sana.

Na Bwana Kamba atakuwa nyuma yetu na kamba yake na karani wake. Ataona msafara umesimama, atauliza wale wazee wawili wana nini, na yule anayelia anasema nini. Karani wa pwani hajui Chimakonde. Atakugeukia wewe. Hiyo ndiyo itakuwa kazi yako ya kwanza. Mwambie huyu ni baba yangu. Mwambie nilichomwonyesha yule mgeni, na jina nililolitaja, na nani alikuwa chini pale na kata mkononi siku askari walipoteremka. Mfasirie neno kwa neno, mwanangu, hata lile la matanga.

Usinipunguzie.

Baba yako,
Athumani